Mama ananiuliza kama bado nasali

Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 29, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro. Nilikuja Ujerumani kusomea uuguzi, nikamaliza, na sasa nimeajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Leipzig. Nimelelewa kanisani. Babu mzaa mama alikuwa mwinjilisti, mama ni mzee wa kanisa, na mimi mwenyewe nimeimba kwaya ya vijana tangu nilipopata kipaimara mpaka wiki ya kupanda ndege.

Huku nimekuta mambo mengine kabisa. Kwenye zamu yetu mwenye dini ni mimi peke yangu. Wala hawanicheki. Hawana habari tu. Nikimwambia mtu nitakuombea, anashukuru kama vile nimemwambia nitamletea chai. Kinachonisumbua ni kwamba ni watu wazuri mno. Juzijuzi mzee mmoja asiye na ndugu alikuwa anakata roho. Mwenzangu mmoja, mama wa makamo ambaye kanisani huingia kusikiliza muziki tu, alimaliza zamu, akavua sare, kisha akarudi kukaa naye, amemshika mkono, mpaka alfajiri. Mzee alipofariki akafungua dirisha, akamchana nywele, akaenda zake nyumbani. Hakulipwa hata senti. Mimi ninayejiita Mkristo nilikuwa nimeshaaga nikaenda kulala. Tulipokutana tena kazini akaniuliza, "Hivi wewe unaamini kweli?" Nikajikuta nimejibu, "Kidogo." Tangu siku hiyo sina amani. Kama mtu anaweza kuwa hivyo bila Mungu, mimi Mungu ananifanyia nini?

Kanisani nilikwenda mwanzoni. Watu kama ishirini, wazee watupu, baridi, kinanda, na hakuna aliyenisalimu zaidi ya kutikisa kichwa. Nikaacha. Mama hupiga simu kila Jumapili jioni kuuliza mchungaji amehubiri nini. Basi nimekuwa nikifungua YouTube, natafuta ibada ya usharika mmoja wa Dar es Salaam, nasikiliza mahubiri dakika kumi, nampa hizo. Na hufurahi kwelikweli.

Halafu kodi. Kwenye slipu ya mshahara nakatwa kodi ya kanisa kila mwezi. Rafiki zangu wanasema nijitoe, kwa nini nichangie mahali nisipokwenda. Nikijitoa, nimemkana Kristo? Na mama nimwambieje?

Nimalizie na jambo la ajabu. Kuna bibi wa miaka 92 hapa kazini, kumbukumbu zimemtoka, hata wanawe hawatambui. Huwa namwogesha huku naimba chinichini wimbo wa kitabuni kwetu, kwa Kiswahili. Siku moja akaanza kuimba na mimi, kwa Kijerumani, ubeti mzima. Kwenye faili lake pameandikwa kwamba hana dini.

Binti wa Machame, Leipzig

*

Mwanangu, pole na kazi za usiku.

Mhariri alitaka barua yako aijibu mchungaji. Nikamwomba aniachie, ingawa mimi ni Muislamu, mtoto wa Tanga niliyekaa chuoni kwa maalimu kabla sijajua darasa la kwanza likoje. Mchungaji angekimbilia kodi na kipaimara. Mimi naona kilichokuumiza ni yule mama na kitana chake, na kwa jambo hilo huenda mtu wa dini ya jirani akakufaa zaidi.

Nyumbani kwenu, ukiteremka kutoka Machame hadi Bomang'ombe, kuna Waislamu, na mama yako anawafahamu. Anamjua mwenye duka aliyelifunga siku nzima ili achimbe kaburi la Mlutheri. Kila Idd amepokea sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kawa, na Krismasi akairudisha na kitu juu yake, maana sahani ya watu hairudi tupu. Sasa niambie: mama yako aliwahi kula lile pilau, akaweka kijiko chini na kujiuliza, "Kama huyu ana wema wote huu na hamjui Kristo wangu, mimi Ulutheri unanifaa nini?" Hakujiuliza, na si kwa kukosa akili. Watu waliozaliwa na majirani wa dini tofauti wanajua tangu utotoni kwamba wema haugawiwi kwa kufuata daftari la ubatizo. Wanajua hivyo na bado wanasali, kila mtu kwake.

Wewe pia ulijua. Kuna mtu akakusahaulisha, na nashuku ni yule mhubiri wa mikutano ya vijana, mwenye spika kubwa, anayewaambia vijana kwamba nje ya kanisa kuna walevi, wazinzi na giza. Ukaenda nje, ukalikosa giza. Umekuta mwanamke amerudi kazini bila malipo kukaa na mtu anayekufa. Ahadi ya spika imevunjika mbele ya macho yako, nawe umemhesabia deni hilo Mungu. Ningekuwa wewe ningemhesabia mhubiri. Katika kitabu chako mwenyewe kuna habari ya msafiri aliyepigwa na kuachwa njiani, kuhani akapita, Mlawi akapita, aliyesimama akawa Msamaria, mtu wa dini iliyodharauliwa. Umeisikia tangu shule ya Jumapili. Iliposimuliwa mara ya kwanza nadhani wasikilizaji walijisikia vilevile unavyojisikia wewe sasa.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba mwenzako huyo ni sawasawa na mwenye duka wa Bomang'ombe. Tofauti ipo, na naona ndiyo inayokutesa bila wewe kuitambua. Mwenye duka na mama yako hawasali pamoja, lakini wanazungumza lugha moja kuhusu Mungu. Mmoja akisema tutaonana kesho Mungu akipenda, mwingine anaitikia. Huku nyumbani serikali haina dini, tumeambiwa hivyo tangu enzi za Mwalimu Nyerere, lakini Bunge linafunguliwa kwa dua, wimbo wetu wa taifa ni sala mwanzo hadi mwisho, na basi la kwenda Moshi limeandikwa jina la Mungu kwenye kioo cha nyuma hata kama breki zake hazieleweki. Ulipokuwa Machame hukuwahi kubeba imani yako mwenyewe. Ilibebwa na usharika, jumuiya ya Jumatano, kwaya, salamu za njiani, na mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada. Ulichotakiwa kufanya ni kutopinga. Huko Leipzig wote wale wameondoka kwa mkupuo, na kwa mara ya kwanza uzito wote uko mkononi mwako. Ukijibu "kidogo" katika hali hiyo, hujakufuru. Naamini ukiwaamsha alfajiri nusu ya waumini wa usharika wenu, mmoja mmoja, mbali na masikio ya mchungaji, ukawauliza swali lilelile, wengi watakujibu vivyo hivyo, na wachache hawatafika hata hapo.

Nawe usidhani kutokuamini ni mambo ya Wazungu tu. Kenya ilipohesabu watu wake mwaka 2019, zaidi ya laki saba walisema hawana dini. Tanzania sisi hatujaulizana dini kwenye sensa tangu mwaka 1967, kwa hiyo tunaendelea kusema sote tunaamini, na hakuna wa kutubishia.

Sasa nataka tuzungumze kuhusu huo mji unaokaa, kwa sababu unauandika kana kwamba ulizaliwa bila Mungu, na wewe ni mtu wa mwisho anayepaswa kuusema hivyo. Chama cha misheni kilichopeleka Ulutheri mlimani kwenu kilikuwa na makao yake katika mji huohuo tangu mwaka 1848. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na kituo chao cha kwanza kilikuwa Machame. Machame kwenu. Babu mwinjilisti, kipaimara, kitabu cha nyimbo cha Tumwabudu Mungu Wetu, vyote hivyo ukivifuatilia nyuma vinakutoa kwenye kihamba cha babu na kukufikisha kwenye mitaa unayopita na tramu kwenda kazini. Nisije nikaipaka sukari historia hiyo: muongo uleule uliowaleta wamisionari uliwaleta na askari, na Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Dini yenu ilipitia mlango mmoja na bunduki. Wazee wenu walilijua hilo kuliko sisi, wakachagua wachukue kipi na waache kipi, na mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yakaungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) tunalolijua, lenye waumini mamilioni leo.

Wakati KKKT inazaliwa, waliowaletea dini walikuwa wanavuliwa yao. Mwaka 1950, katika ile iliyokuwa Ujerumani Mashariki, watu wanane kati ya kumi walikuwa Waprotestanti. Dola ile ilipofika ukingoni miaka arobaini baadaye, walikuwa wamebaki kama robo. Haikutokea kwa sababu watu walikaa chini wakafikiri, wakaona hakuna Mungu. Kuanzia mwaka 1955 serikali iliweka sherehe yake, Jugendweihe, ya kumwingiza kijana wa miaka 14 katika utu uzima, ishindane na kipaimara. Aliyekataa sherehe hiyo akashikilia kanisa aliweza kunyimwa nafasi ya kuendelea na masomo hadi chuo kikuu. Mzazi uliyepata taabu ukitaka mwanao awe daktari, ungechagua nini? Na hapo Leipzig kwenyewe, tarehe 30 Mei 1968, Kanisa la Chuo Kikuu, lililokuwa limesimama tangu karne ya 13 na kuvuka salama mabomu ya Vita vya Pili, lililipuliwa kwa amri ya serikali ili kupisha majengo mapya ya chuo. Mtoto wa waliolitazama likianguka ndiye mama wa makamo leo.

Ndiyo maana nimeisoma mara mbili ile habari ya bibi uliyoiweka mwishoni kama nyongeza. Mtu wa miaka 92 leo alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Umri wa kipaimara aliufikia vita vimekwisha na hiyo sherehe ya serikali haijaanza. Akiwa msichana huenda alifundishwa nyimbo zile kwa moyo, kama ulivyofundishwa wewe, na tuni nyingi za kitabu chenu zilitoka kwao. Baadaye maisha yakamwandikisha kwamba hana dini, labda kwa hiari, labda ili watoto wasome, labda kwa sababu ya kodi hiyohiyo inayokukera. Halafu majina ya wanawe yakafutika kichwani, wimbo ukabaki. Sitaki useme kwamba eti bado ni Mkristo ndani yake. Hilo silo la kwako kuliamua, na ukilitangaza kwa familia yake utakuwa umevuka mpaka wa kazi. Lakini ukiniuliza imani inafanya nini katika jamii isiyo na dini, mfano uko bafuni mwako. Inaweza kutunza kitu ambacho wenyewe wamekiacha, mpaka siku watakapokihitaji.

Mji wako una mfano mkubwa zaidi. Katika Kanisa la Mtakatifu Nikolasi, sala za amani zilifanyika kila Jumatatu tangu mwaka 1982, mara nyingine na watu wachache kuliko uliowakuta wewe. Mchungaji wa hapo, Christian Führer, hakufunga mlango kwa sababu ya uchache huo. Oktoba 9, 1989, watu wapatao 70,000 walijaa barabarani baada ya sala, mikononi wameshika mishumaa, majeshi ya usalama yakiwa tayari, na risasi hazikupigwa. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguka. Wengi wa waliotembea usiku ule hawakuwa waumini. Walihitaji chumba ambacho serikali haikuwa na ufunguo wake, na waliokuwa na chumba hicho ni wale ishirini wa kila wiki. Jumapili zilizofuata hawakurudi kanisani, na naona kanisa lile halikuwa na sababu ya kuwadai.

Nisikupe picha kwamba kosa lote ni la wakomunisti. Magharibi ya Ujerumani, ambako hakuna aliyelipua kanisa, watu nao wanaondoka kwa wingi. Mwaka 2022 pekee zaidi ya Wakatoliki laki tano walijitoa. Ripoti iliyoagizwa na maaskofu wao wenyewe, iliyotoka mwaka 2018, ilikuwa imehesabu watoto 3,677 waliodhalilishwa na watumishi wa kanisa katika miongo saba, na upande wa Waprotestanti uchunguzi wa namna hiyo ulipotoka mwaka 2024 haukuwasafisha. Mtu anayejitoa kwa hasira ya namna hiyo ana dhamiri, na huenda dhamiri hiyo aliipata kanisani.

Nimezunguka kote huko ili nirudi kwenye swali lako gumu: Mungu anakufanyia nini wewe?

Nitajibu kwa upande wangu, wewe utapima. Mimi huamka alfajiri kuswali, na siku nyingi ninachohisi ni usingizi. Hakuna nuru, hakuna machozi, kuna maji ya baridi ya udhu na goti linalouma. Imani kwangu ni jambo ninaloamriwa kulifanya hata siku moyo hautaki, na kwa kulifanya nakumbuka kwamba mimi si mwenye dunia hii. Mwenzako alirudi kwa yule mzee kwa sababu moyo wake ulimtuma, na Mungu ambariki kama ataikubali baraka yangu. Mimi moyo wangu ni mvivu. Nikiuachia uamuzi, mara nyingi utaniambia nikalale. Kwa hiyo nahitaji amri, nahitaji saa iliyopangwa, nahitaji mtu wa safu ya mbele anayeniona nisipofika. Pengine na wewe ni mtu wa aina yangu. Usione aibu. Ulikwenda kulala kwa sababu ulichoka, zamu yako ilikwisha, na hakuna dini inayokukataza usingizi. Lakini kama usiku ule umekuacha na hamu ya kuwa mtu anayerudi, basi hamu hiyo uipeleke mahali inapoweza kufundishwa.

Yapo na mengine ambayo wema peke yake hauna maneno yake. Anapokufa mtu ambaye ulimwogesha kwa miezi, huwa unataka kumlalamikia nani? Wewe unazo zaburi za kulalamika ulizofundishwa. Mwenzako alifungua dirisha. Ni desturi nzuri sana, na huko kwao zamani walisema ni ili roho ipate njia ya kutoka. Muulize kwa nini huwa anafungua.

Tena muulize mengi. Alikuuliza swali la maana kabisa, swali ambalo kwao ni la siri kuliko mshahara, nawe ukampa neno moja ukakimbia. Mtafute wakati wa mapumziko. Mwambie ukweli kwamba ulikuwa unamwonea wivu, mweleze babu yako alikuwa nani na imani ilifikaje kwenu, kisha unyamaze na yeye akueleze anakoutoa moyo ule. Usimhubirie. Ukifika mahali pa kumwambia kwamba kwa matendo yake yeye tayari ni Mkristo ila hajijui, jing'ate ulimi. Ungependa mimi nikwambie kwamba kwa wema wako wewe tayari ni Muislamu?

Kuhusu wale ishirini wa kanisani. Mwanangu, kwa watu wa huko kukutikisia kichwa ni salamu, na pengine ni salamu ndefu. Umezoea mahali ambapo mgeni husimamishwa mbele ya ibada, anataja jina na anakotoka, anapigiwa makofi, akitoka nje ananunuliwa soda. Huko hakuna atakayekusimamisha. Kama baada ya ibada kuna kahawa, baki unywe, hata kama ni kikombe kimoja na umesimama karibu na mlango. Watu wa pale husogea polepole. Omba kazini upangiwe Jumapili mbili za mapumziko kwa mwezi, na useme ni kwa ajili ya ibada, usiseme una miadi. Nenda pia Kanisa la Mtakatifu Thomas jioni ya Ijumaa kwaya ya wavulana inapoimba. Bach aliongoza muziki hapo tangu mwaka 1723 hadi alipokufa mwaka 1750, na nusu ya watakaokuzunguka watakuwa watu kama mwenzako, wasiosali lakini hawataki kukosa. Kisha ulizia nyumba ya misheni. Ile Misheni ya Leipzig iliyokuja Machame bado ipo mjini humo, bado ina ushirika na dayosisi za KKKT, na wageni kutoka Tanzania hupita hapo. Utapata wa kuzungumza nao Kiswahili cha kanisani bila kutafsiri kichwani. Huo upweke wako nusu yake, nadhani, ni njaa ya jambo hilo tu.

Inawezekana ukayafanya yote haya na bado ukagundua kwamba huamini. Wapo waliofika huko kwa uaminifu, na sitakutisha kwa moto, hasa kwa vile wewe na mimi tumeambiwa mioto tofauti. Ukifika huko ufike wazi, kwa jina lako. Kinachonikera katika barua yako ni zile dakika kumi za YouTube.

Mama yako mwambie. Usimpitishie dada, usimtumie ujumbe, na kundi la ukoo la WhatsApp usiliguse kabisa. Mpigie wewe, siku isiyo Jumapili, asubuhi ambapo hana wageni. Anza na yule bibi wa miaka 92, maana hiyo ni habari njema na itampa pumzi. Halafu mwambie kwamba kanisani hujaenda muda mrefu, kwamba mahubiri uliyomsimulia uliyatoa mtandaoni, na kwamba umechoka kumdanganya. Atalia. Mzee wa kanisa analia kama mama mwingine yeyote. Anachoogopa pengine si mbingu yako tu: anaogopa kwamba siku moja utazikwa na watu wasiokujua, na kwamba wajukuu wake watakosa mtu wa kuwabatiza. Msikilize mpaka amalize. Usimwahidi kwamba Jumapili ijayo utakuwa benchi la mbele kama hujaamua hivyo moyoni. Unaweza kumwomba akuombee, hilo halihitaji uwe na uhakika wa chochote, na kwake ni kazi ya mikono, itampunguzia wasiwasi. Umri aliofika, na familia alizoingia kama mzee wa kanisa usiku usiku kusuluhisha mambo, ameshaona makubwa kuliko haya yako.

Imebaki kodi, na hapa tuwe watu wa hesabu. Ulipojiandikisha kama mkazi mpya ulijaza kwenye fomu kwamba wewe ni Mprotestanti, na kwa kuwa Mlutheri wa Tanzania huhesabiwa huko kuwa mwenzao, ukaingizwa kwenye orodha. Serikali inakata kwa niaba ya kanisa. Katika jimbo la Saksonia kiwango ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, si ya mshahara wote. Kama kodi yako ya mapato kwa mwezi ni euro 300, ya kanisa ni euro 27. Nyumbani fungu la kumi la mshahara mzima lingekuwa kubwa zaidi, ila hilo hukatwi na bosi. Wala usiseme kwetu hakuna shuruti. Tunajua sharika ambazo mtu akifa, kabla mchungaji hajapangiwa kwenda, kuna anayefunua daftari kuangalia bahasha za ahadi za marehemu.

Kujitoa ni rahisi: unakwenda na pasipoti kwenye ofisi inayosajili vizazi, ndoa na vifo, unalipa ada, unatia saini, kodi inakoma. Lakini ujue unachosaini. Utakoma kuwa muumini wa kanisa lile. Hutaweza kusimama kama mzazi wa ubatizo, hutapiga kura kanisani, na mazishi ya kikanisa hayatakuwa haki yako tena. Kama mwajiri wako ni Diakonie au taasisi nyingine ya kanisa, soma mkataba kwanza. Mashariki ya Ujerumani taasisi hizo zimejaa wafanyakazi wasio na dini, lakini kutokuwemo na kujitoa huenda visitazamwe kwa jicho moja. Waulize pia viongozi wa usharika wenu wa Machame wanaichukuliaje hati hiyo, kwa sababu siku moja unaweza kutaka kufunga ndoa nyumbani. Kama ni kumkana Kristo, hilo atakujibu mchungaji. Mimi naona karani wa usajili ana uwezo wa kufuta jina kwenye orodha ya kodi, basi.

Ningekuwa wewe nisingejitoa mwaka huu. Mtu asiamue jambo kubwa akiwa bado na kidonda, na euro 27 zinavumilika. Lakini nisingekaa kimya pia. Kanisa unalolilipia lina baraza la wazee linalochaguliwa na waumini, na wewe ni mmoja wao, una kura. Nenda na slipu yako, uwaulize fedha hiyo inafanya nini, na ni nani pale anayekwenda kuwaona wazee walio peke yao katika nyumba kama unayofanyia kazi. Wakikosa jibu, waambie unaweza kuwaonyesha njia, unazijua zamu zote.